Kona Ambayo Reli Haikupiga

Mimi shule nilifika darasa la pili, na hata hiyo la pili nilimaliza kwa sababu mwalimu alipenda vile naimba. Kwa hivyo mkinisikia naongea habari ya ramani na setilaiti, msicheke sana. Chekeni kidogo tu. Hata mimi bado nashangaa, na ni mimi nilikuwa huko.

Nilizaliwa upande wa Sirisia, nikaolewa huku katikati ya Kwanza na Kitale, wakati msitu wa mlimani bado unashuka mpaka karibu. Mzee wangu alikuwa anafanya kazi kwa reli. Sio ile reli kubwa inakuja stesheni ya Kitale, hapana. Hii yetu ilikuwa ndogo, ya kiwanda cha mbao. Reli nyembamba, kichwa kidogo kinatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na nyuma yake toroli saba ama nane zimebeba magogo kutoka mlimani. Mzee wangu alikuwa anakaa kwa toroli ya mwisho kabisa, anazungusha gurudumu la breki kila mahali pa mteremko. Akirudi nyumbani ananuka grisi na unga wa mbao, na mimi hiyo harufu nilikuwa naipenda kuliko sabuni.

Kila asubuhi nilikuwanga nampelekea uji. Nilikuwa napita juu ya reli kwa sababu kando ilikuwa nyasi ndefu na nyoka. Sasa yale mataruma, zile mbao reli inalalia, zilipangwa karibu karibu. Ukiweka mguu kila taruma, hatua inakuwa fupi. Ukiruka moja, hatua inakuwa ndefu mpaka lesso inapasuka. Kwa hivyo sisi wanawake wa reli tulizoea hatua fupi. Sokoni Kwanza watu walikuwa wanatujua kwa mbali tu: wale wanakuja ni mabibi wa toroli, si unaona vile wanatembea kama kuku amefungwa mguu. Mimi mpaka leo natembea hivyo.

Halafu kiwanda kikafungwa. Vyuma vikang'olewa vikaenda, sijui wapi. Mataruma watu walibeba, wengine wakafanya posti za ua, wengine wakapikia. Mvua ikanyesha, watu wakalima, mahindi yakaota. Miaka kumi ikiisha, ukimwambia mtoto hapa gari moshi ilipita, anakuangalia kama mtu ambaye malaria imempanda kichwani. Mzee wangu naye akafa. Mimi nikabaki na koti lake na hizo hatua.

Miaka ilipita. Wakati naongelea sasa ni ile miaka simu za mkononi ziliingia mpaka jikoni. Siku moja akaja mgeni kutoka Bungoma. Mzee mmoja mnene, kofia nyeupe ya Kiislamu, ndevu safi, na goti moja linamsumbua. Alikuwa mwalimu wa jiografia mpaka akastaafu. Alikuwa anakaa Bungoma mjini, karibu na msikiti, na sasa ati kazi yake ni kutafuta reli zilizokufa.

Nikamuuliza nani anamlipa. Akasema hakuna. Wako wengi dunia nzima, watu wa kujitolea, wanachora ramani kwa kompyuta, kila mtu anachora mahali anajua, na yeyote anaweza kuiangalia bure. Barabara walikuwa wanachora, shule, visima. Yeye alichagua reli zilizopotea kwa sababu wanaozikumbuka wanakufa. Hiyo ya mwisho aliisema akiniangalia, halafu akaona haya.

Nikamwambia, "Mwalimu, usiogope. Mimi sifi wiki hii. Niulize."

Kijiji chote kilikuwa kimemtuma kwangu, kwa sababu wale wengine waliofanya kazi huko walikuwa wamekwisha. Akatoa kamashine kadogo, kama redio ya mkononi, akasema kanaongea na setilaiti. Ukitembea nako, kanaandika kila mahali umekanyaga. Yeye na lile goti hawezi kutembea mashambani. Kwa hivyo akanifunga hako kamashine kwa kamba, kakaning'inia kifuani juu ya lesso, akaniambia neno moja: nitembee pale reli ilipita, pale tu, nisikate njia. Yeye atapanda bodaboda aningoje mbele, kwa barabara.

Jamani, nilifurahi siku hiyo. Nilianzia juu, kwa daraja dogo la mawe, moja kati ya yale mawili yaliyobaki, nikashuka na hatua zangu fupi. Nilikuwa naongea na hako kamashine njia yote. Nikakaonyesha hapa mzee alianguka akaumia mkono. Hapa toroli ilipinduka, watoto wakakimbilia magogo. Sijui kama setilaiti ilisikia. Nilipofika kwa barabara, Mwalimu alikuwa amekaa juu ya jiwe, akafungua kamashine, akatazama, akasema mashaallah. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baada ya wiki kama mbili akanialika Bungoma nione. Bibi yake akanipa chai na mandazi ya iliki, halafu tukaenda kwa saiba, ile nyumba ya kompyuta za kulipia, karibu na stendi. Hapo ndio nilipata mshtuko wa kwanza. Alifungua kompyuta, ikaonekana dunia, duara. Akaisogeza ikawa Kenya. Akaisogeza ikawa mlima wetu. Akaisogeza tena, nikaona paa la nyumba yangu, na hiyo bati moja mpya ambayo inang'aa kuliko zingine. Nilishika meza. Nikauliza kama wananiona nikiwa nimeinama shambani. Akasema hapana, hiyo ni picha ya zamani, lakini mimi hata sasa nikienda shambani navuta nguo vizuri kwa nyuma.

Na juu ya hiyo picha kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, una vidole vidole kama ngazi. Akaniambia, "Hiyo ndiyo reli ya mzee wako. Sasa mtu yuko Japani anaweza kuiona."

Nililia kidogo, sitawaficha. Nikamuuliza nani anachunguza kama ni ukweli. Akasema ni wao wenyewe, mtu yeyote akiona kosa analirekebisha. Nikamuuliza, na kama hakuna mwenye anajua? Akakuna ndevu. Akaagiza soda.

Mstari ulikuwa umenyooka vizuri, isipokuwa mahali pamoja katikati. Hapo ulikuwa umepiga kona, ukashuka chini, ukapanda tena. Nililiona hilo tumbo kwa macho yangu, na sikusema kitu. Nilifikiri ni vile kompyuta inachora.

Sasa niwaambie habari ya jirani yangu, ndio muelewe. Chini ya shamba letu, karibu na mto, anakaa mama mjane. Sisi tunaitana dada, ingawa hatujazaliwa pamoja. Bwana yake alinunua pale baada ya reli kung'olewa. Walijenga polepole mpaka wakaweka sementi chini na bati juu, halafu bwana akafa. Kaburi lake liko hapo hapo kando ya dirisha, na yeye kila asubuhi akifungua dirisha anamsalimia.

Mwaka uliofuata kukaja watu wa barabara. Walitaka kupitisha barabara ya murram kutoka mlimani, na wakasema watafuata reli ya zamani, kwa sababu ile ardhi ya reli haikugawiwa mtu. Hatua kumi upande huu, hatua kumi upande huu. Aliyejenga hapo alijenga kwa njia. Karatasi za kiwanda hazikuonekana popote. Wakatafuta, wakapata ramani ile ya bure kwa kompyuta, wakaichapisha.

Mimi nilisikia kelele nikiwa nachambua maharagwe. Nikatoka. Dada yangu alikuwa anakuja kwangu bila viatu, na yeye ni mtu wa kujipenda, hawezi kutoka bila viatu. Alikuwa ametulia, na hiyo ndio iliniogopesha.

Akasema, "Dada, nilikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea. Akasema niende nione. Tukashuka. Kwa ukuta wa nyumba yake walikuwa wamepiga X kubwa ya rangi nyekundu, bado inatiririka. Na kigingi kimoja walikuwa wamekipigilia hatua mbili kutoka kwa kaburi.

Mimi nikasema hawa wamepotea, reli haijawahi kupita hapa, hapa palikuwa matete matupu. Nikamwendea kijana wa barabara nikamwambia hivyo. Akanionyesha ile karatasi, kwa heshima kabisa. Mstari mweusi, ngazi ngazi, na lile tumbo lake. Tumbo lilikuwa limepita juu ya nyumba ya dada yangu.

Akauliza nani alitembea na mashine. Watu wote wakaniangalia.

Nilisimama hapo kama mtu amemwagiwa maji. Nilitaka kuapa. Kwa sababu kichwani mwangu nilitembea juu ya reli kutoka mwanzo mpaka mwisho, taruma baada ya taruma. Dada yangu aliniuliza tu kama nilimwona hapo kando ya kaburi la bwana yake siku hiyo, nikipita. Akasema yeye aliniona. Alikuwa anafua, akanipungia mkono, nikampungia.

Na ni kweli, nilimpungia.

Sikukula siku hiyo. Asubuhi nikaenda peke yangu juu, kwa daraja la mawe, nikaanza kutembea tena pole pole nikiangalia miguu yangu. Nilitembea sawa. Nikapita mti wa muembe-mwitu, nikapita kwa jiwe kubwa. Nikafika kwa ua wa mkwe wangu, yule ameoa binti yangu wa pili. Na hapo miguu ikageuka. Sikuiambia. Iligeuka yenyewe, ikashuka chini kwa mahindi, ikaelekea mtoni, na mimi nikiwa juu yake naangalia kama abiria.

Nilikaa chini hapo hapo kwa mtaro.

Kwetu, mama hakanyagi boma la mkwe wake. Hamsalimii kwa mkono, hamwangalii usoni. Nikimwona anakuja kwa njia, mimi naingia kwa mahindi. Yeye akiniona kwanza, yeye ndio anaingia. Sio chuki, ni heshima. Na huyu mkwe alinunua shamba karibu na mimi sana, kwa hivyo tangu aoe, miaka kumi na nane, kila siku nikienda mtoni, dukani, kanisani, nilikuwa nazunguka hilo boma. Nimezunguka mpaka nikasahau kama nazunguka. Kichwa kilikuwa kinapita na reli, miguu inapita na heshima. Na kamashine kanaandika miguu.

Mwalimu hangejua. Wao watu wa msikiti huko mjini wana desturi zao. Aliona kona, akafikiri reli ilikimbia kilima.

Lakini sasa muone shida ilipo. Kama reli haikupita kwa dada yangu, ilipita wapi? Ilipita moja kwa moja kwa boma la mkwe wangu. Nikinyoosha mstari, ile X inatoka kwa ukuta wa dada yangu inaenda kwa binti yangu mwenyewe. Nikinyamaza, hakuna mtu duniani anajua. Japani wataendelea kuangalia hiyo kona, wataona sawa tu.

Nilimwita binti yangu tukutane kisimani. Nikamwambia yote. Alikuwa anacheka mwanzoni, ati miguu yangu imemea akili. Halafu akaelewa, akaacha kucheka.

"Mayi," akaniambia, vile kwetu tunaita mama, "si ungenyamaza tu?"

Nikasema ningeweza, lakini yule ana kaburi kwa dirisha. Akasema na yeye ana watoto watano. Akachukua mtungi akaenda na maji nusu.

Siku mbili hakuna mtu alinisemesha. Siku ya tatu binti yangu akarudi, amebeba kikapu, akakitua chini kwa nguvu. Ndani kulikuwa na misumari ya reli, ile minene ya kichwa kama ngumi, kumi na moja. Nilishtuka mpaka nikarudi nyuma. Nilikuwa sijaona hiyo misumari tangu mzee wangu awe hai. Binti yangu akasema bwana yake ndio ameituma. Wakati anachimba msingi wa jiko aliipata, ikiwa mistari miwili, akajua ni nini, akanyamaza. Alikuwa anafungia ng'ombe nayo miaka yote hiyo. Sasa amesema kama ni kutembea tena na kamashine, nipite, reli iko chini ya jiko, na nyumba iko nje ya zile hatua kumi. Na amesema hatatoka aende sokoni siku hiyo kama mtu anakimbia. Atakuwa hapo, atageuka aangalie ng'ombe.

Nikampigia Mwalimu, kwa simu ya kuombaomba. Nikamweleza yote. Halafu akasema, "Mama, miaka thelathini nimefundisha watoto kusoma ramani. Sikuwahi kumfundisha hata mmoja kumuuliza mtu kwa nini amepiga kona." Kesho yake alikuwa amefika, na goti lake.

Kijana wa barabara alikubali kupima upya, lakini akasema aliyetembea mara ya kwanza ndiye atatembea tena, mbele ya wazee, watu wasiseme ni ujanja. Kwa hivyo kulikuwa na umati kwa ua wa mkwe wangu, utafikiri ni arusi. Kuna mama mmoja alileta mpaka njugu za kuuza.

Nikafungwa kamashine kifuani. Nikaanza kwa daraja la mawe, macho yangu kwa daraja lile lingine ng'ambo, kwa sababu reli ilikuwa imenyooka kati ya hayo mawili kama uzi. Taruma, taruma, taruma. Nikafika kwa ua. Walikuwa wamefungua nafasi. Na miguu ikakataa. Nawaambia ukweli, nilisimama hapo, jasho linatoka, na watu wakaacha kutafuna njugu. Nilikuwa naogopa kuliko siku nilizaa mtoto wa kwanza.

Dada yangu ndiye alitoka kwa umati. Alikuja akashika pindo la lesso yangu kwa nyuma, vile unashika mtoto anajifunza kutembea, na tukaingia.

Nilipita mlango wa mbele wa jiko la binti yangu. Sikuwahi kuliona ndani. Nilishangaa, ni safi, vyungu vimepangwa vile nilimfundisha. Nikatokea mlango wa nyuma, na kwa pembe ya jicho, sikukusudia, nikamwona mkwe wangu. Amesimama na uso kwa zizi, mikono nyuma, kofia ameishika mkononi. Kichwa chote kilikuwa cheupe. Mvi tupu. Mimi kwa akili yangu bado alikuwa yule kijana wa nywele nyeusi, siku ya mahari, ambaye nilichungulia kwa tundu la ukuta. Miaka kumi na nane nimemzunguka, na mtu amezeeka huko ndani bila mimi kujua. Hiyo ilinishtua kuliko setilaiti.

Nikatembea mpaka daraja la pili. Mwalimu akatazama kamashine, akamwonyesha kijana wa barabara, kijana akamwonyesha mzee wa mtaa. Ilikuwa imenyooka.

Alasiri hiyo hiyo walisugua X kwa ukuta wa dada yangu na mafuta ya taa. Haikutoka yote, mpaka leo iko pale, rangi ya waridi. Kigingi aling'oa mwenyewe. X mpya ikapigwa kwa jiko la binti yangu. Likabomolewa mwezi uliofuata, na mimi sikuruhusiwa kwenda kusaidia, nilikuwa nasikia tu vile ukuta unaanguka. Binti yangu hakunisemesha mpaka mahindi yakakomaa. Aliyemkandia udongo wa jiko jipya alikuwa dada yangu, siku nne, na mgongo wake ule mbaya. Siku ya kuwasha moto wa kwanza, mjukuu wangu mmoja alitumwa kwangu na sahani ya viazi imefunikwa. Viazi vilikuwa na chumvi nyingi, lakini nilimaliza.

Mwalimu alirudi mara moja tena, kuniletea ramani imechapishwa kwa karatasi kubwa. Nikaona mstari wa ngazi ngazi umenyooka kutoka daraja mpaka daraja. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona ile kona bado iko. Pale pale, lile tumbo, linashuka mtoni linapanda.

Nilipiga kelele. Nikamuuliza kwani hakufuta, kwani anataka dada yangu avunjiwe mara ya pili.

Akanishika bega, akaniambia niangalie vizuri. Hiyo haikuwa na ngazi. Ilikuwa nukta nukta, nyembamba sana.

"Hii sio reli, mama," akasema. "Hii ni njia ya miguu. Umeipita miaka kumi na nane, iko chini, hata kwa picha ya setilaiti inaonekana ukijua kutafuta. Reli haikupiga kona. Wewe ulipiga. Ningeifuta ningekuwa nadanganya."

Nilikaa na hiyo karatasi magotini mpaka chai ikapoa. Ni mimi, bana. Darasa la pili. Nimechorwa kwa ramani ya dunia, nikimzunguka mkwe wangu.